Mzee wa Reli Katika Bustani ya Mama

Neno la kwanza aliloniambia ni karibu. Nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma wa nyumba ya baba yangu, Gisenyi mpakani mwa Rwanda, mtoto mgongoni, miguu imevimba kwa safari, na mzee nisiyemjua alikuwa amechuchumaa katikati ya bustani ya mama akikata kopo la mafuta ya msaada kwa mkasi. Akainua kichwa, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Karibu, mwanangu. Karibu sana. Pita ndani upumzike."

Kwetu. Mtu ananikaribisha kwetu!

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sijui, na sikuwahi kuuliza. Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Reli, nami nikamwita hivyo hivyo, kwanza kwa dharau, baadaye kwa mazoea. Alikuwa mmoja wa wale waliorudi kutoka Tanzania, waliokuwa wamekimbia zamani. Sisi tulirudi kutoka kambi za Goma, ng'ambo ya mpaka, tuliokuwa tumekimbia juzi. Wao walipofika walikuta nyumba tupu, wakaingia. Sisi tulipofika tulikuta nyumba zimejaa. Hiyo ndiyo habari yote na mtu wa hapa hahitaji zaidi ya hiyo. Baba na mama walibaki kambini, chini ya mawe ya volkano ambayo hayakubali hata kaburi kuchimbwa. Mume wangu aliingia msituni na wenzake, msitu ukamfunika. Nilirudi na mwanangu Zawadi tu, na ufunguo wa mlango ambao kitasa chake kilikuwa kimeshabadilishwa.

Nilikwenda ofisi ya komine, serikali ya wilaya, kudai nyumba. Wakasema nyumba ni yangu, hakuna ubishi, lakini mzee hawezi kutupwa barabarani, anangoja kupewa kiwanja. "Mukae pamoja kwanza," wakaniambia, kama vile tumegombana kisimani. Walitupanga kama viti vya harusi, huyu hapa, yule pale, kisha wakaenda kula. Basi yeye akabaki nyumba kubwa, mimi nikapewa chumba cha nje, kile mama alichokuwa akiweka mkaa na majembe. Katikati yetu bustani, na ndani ya bustani, reli.

Niieleze, maana wengi waliicheka bila kuitazama. Vyuma vyake vilikuwa waya mnene wa uzio, ameunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe mpaka ukanyooka kama uzi wa fundi. Chini ya waya mataruma, vipande vya mikalatusi vyenye urefu wa kidole, kila kimoja amekichovya kwenye oili chafu ili mchwa wasikile. Chini ya mataruma kokoto nyeusi za lava, amezichekecha na kuziosha kama mchele. Harufu ya ile oili iliingia kwenye nguo za mtoto nilizoanika, na mpaka leo nikipita karibu na gereji nasikia kama Zawadi analia. Mabehewa yalikuwa makopo ya dagaa na ya mafuta, na magurudumu ni vile vigurudumu vya uzi alivyookoteza kwa mafundi cherehani wa sokoni. Injini haikuwepo. Alisukuma kwa kijiti mpaka juu, kisha mteremko ukafanya kazi.

Njia ilianzia kwenye pipa la maji ya mvua, ambalo ndilo lilikuwa Dar es Salaam. Ikazunguka mparachichi, ikakata pale mama alipokuwa na karoti na maua yake ya dalia, ikapita mbele ya chumba changu, ikashuka mpaka ukuta wa upande wa ziwa. Huko alikuwa amefukia karai lenye maji. Hilo lilikuwa ziwa, na kando yake kibanda cha bati: Kigoma. Tabora ilikuwa kizingiti cha mlango wangu. Kila asubuhi nikitoka na beseni la nyanya kwenda kuuza Goma, ilinibidi niruke Tabora. Siku nyingine sikuruka.

Akirudi kutoka msikitini alikuta mabehewa chali na mataruma yamebonyea. Alichuchumaa, akanyoosha, akapiga nyundo polepole, tik, tik, tik, na ile tik tik ilinitia hasira kuliko matusi.

Huko Tanzania hakuwa dereva wala stesheni masta. Alikuwa mshika bendera kwenye kituo kidogo, mahali ambapo, kwa maneno yake, treni ilisimama kwa aibu tu. Maisha yake yote alisimama kando ya njia akiwaonyesha wengine kwamba wanaweza kwenda. Lakini alizungumza kana kwamba reli nzima ilimtegemea. "Reli haina usukani," alipenda kusema. Alisema hivyo akiona walevi, akiona wanasiasa, akiona mvua inakuja. Nyingine: "Abiria ni mgeni hata akiwa na tiketi mkononi." Hiyo niliichukia. Mimi ndiye niliyekuwa na tiketi.

Alikuwa mtu wa ajabu katika mambo madogo. Mkarimu wa kukuudhi: akipika wali, sahani ya kwanza ni ya Zawadi, ya pili anaifunika na kuiweka mlangoni kwangu, nami nilikuwa nikiirudisha vilevile. Lakini sukari aliificha kama dhahabu, na ukimwomba kijiko anakuuliza chai ni ya nani. Aliswali swala zote tano na kumwogopa Mungu kweli, ila alimdanganya jirani yetu fundi cherehani mchana kweupe ili apate vigurudumu vya uzi.

"Mzee, vile nilivyokupa juzi vimekwenda wapi?" fundi alimuuliza siku moja, ameegemea ukuta wetu.

"Vimechakaa. Safari ya Kigoma si mchezo."

"Walahi! Rwanda nzima haina reli, isipokuwa kwa Mama Zawadi! Sasa sisi tunakata tiketi wapi?"

"Wewe utapanda behewa la mbuzi," mzee akamjibu, wala hakucheka.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango, maana nilikuwa nimeanza kucheka, na sikutaka anione.

Filimbi ndiyo iliyotaka kutuua. Alikuwa na filimbi ya kazi, ya chuma, iliyoning'inia shingoni. Wakati ule risasi zilikuwa zinalia milimani, watu wanalala na viatu, na asubuhi kila mtu anahesabu majirani kwa macho. Alfajiri moja, baada ya usiku mbaya kuliko mingine, mzee akatoka bustanini akapuliza. Fiiiiii! Mtaa mzima ukaamka mara moja. Watu wakakimbilia ziwani na magodoro vichwani. Mama mmoja mzito, mchuuzi mwenzangu wa barrière, pale kizuizi cha mpakani, alipita mbele yetu na sufuria ya uji unaochemka, kiatu kimoja mguuni, akiita watoto wa watu wengine kwa sababu majina ya wa kwake yalikuwa yamempotea.

Jua lilipotoka konseye, kiongozi wa mtaa, akaja, macho mekundu.

"Muzee, ni we umepiga hii filimbi?"

"Ni mimi, bwana mkubwa. Treni ya abiria imechelewa kuondoka."

"Treni gani?"

"Ya Kigoma."

Konseye akayatazama makopo ya dagaa kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kucheka, lakini usiku ule ulikuwa umemchosha. "We muzee, unataka jeshi ikuje hapa? Unataka wale wengine ba musituni bakuje? Leta hiyo kitu." Akaichukua filimbi akaenda nayo. Tangu siku hiyo mzee alipuliza kwa midomo, fyuu, kama mtu anayepoza chai.

Tuliongea Kiswahili kwa kuwa Kinyarwanda chake kilikuwa kimekaa nchi ya watu muda mrefu mno, kikaota kutu. Alikielewa kuliko alivyokisema. Na Kiswahili chetu hiki cha Goma na Gisenyi kilimwumiza meno.

"Si 'mutu', mwanangu. Ni 'mtu'."

"Bon, mutu ni mutu, Muzee, hata ukimufupisha."

"Na usiseme 'mtoto iko wapi'. Mtoto si kikombe. Sema 'yuko wapi'."

"Mi najua kwenye iko. We ndiyo hujui kwenye uko. Uko kwetu."

Hapo aligeukia makopo yake. Nilikuwa na majibu mengi ya namna hiyo. Nilisoma sekondari kwa masista, ulimi nilipewa, na sikuwa na mtu mwingine wa kumchoma nao. Hata hiki Kiswahili ninachoandika sasa, kwa sehemu kubwa ni chake. Kiliingia kwa nguvu, kama harufu ya oili.

Sasa nifike kwenye neno.

Zawadi alijikwaa Tabora, akaangukia waya, mdomo ukapasuka. Damu ilipotoka nikachukua jembe. Nilisimama juu ya reli, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabeba tangu siku ya karibu: kwamba hii ni bustani ya mama yangu, kwamba dalia zake amezifukia na kokoto, kwamba yeye ni mzee asiye na haya anayecheza na makopo juu ya jasho la watu waliokufa. Yeye alikuwa amemshika Zawadi, anamfuta mdomo kwa kofia yake. Akaniangalia, akasema taratibu, "Nitakupisha, mwanangu. Nipe muda tu. Nitakupisha."

Jembe likaanguka lenyewe.

Mtu wa pwani au wa Tabora atashangaa kwa nini. Sisi wa mpakani hatuna kupisha. Tuna kupitisha. Kupitisha ndiyo kazi ya mji huu: unampitisha mtu, unapitisha gunia, unapitisha kuku chini ya kitenge, kutoka upande huu wa Petite Barrière hadi upande ule. Mimi nilisikia mzee ananiambia kwamba atanivusha. Atanirudisha Goma. Apewe muda tu.

Na alikuwa na uwezo, au ndivyo nilivyoamini. Aliyetoka kambini siku zile aliogopa hata kusalimiwa. Mtoto wake pekee alikuwa askari, ndiye aliyemleta kwa lori na kumwingiza katika nyumba yetu. Huyo kijana aliuawa njia ya Ruhengeri. Mzee hakunisimulia, nilisikia kwa fundi. Yeye hakuniuliza mume wangu aliuawa na nani, nami sikumuuliza mwanawe aliuawa na nani. Tuliishi hivyo, ukuta kwa ukuta.

Basi tangu siku ile nikafungasha kifuko changu na kukiweka chini ya kitanda. Nikienda Goma sikumwacha Zawadi nyumbani, nilimwacha kwa mke wa fundi. Niliona kwamba kila wiki mzee anavaa koti lake jeusi, anakwenda ofisi ya komine, anakaa huko, anarudi amechoka. Nilijua anafanya nini huko. Anaandikisha jina langu nirudishwe Goma. Nikiruka Tabora asubuhi nilikuwa namwambia kimoyomoyo: nipitishe basi, tuone nani atamwahi mwenzake.

Nilikaa na neno hilo toka mvua moja hadi mvua nyingine.

Siku moja, Jumapili mchana, nilikuwa natoka kufua. Mzee na Zawadi walikuwa wamekaa chini, kila mmoja na kopo lake, pale kwenye njia fupi aliyoijenga pembeni ya njia kubwa. Siku zote nilidhani ile ni makosa, kwamba waya ulimzidi akaupinda tu.

"Hili lako linatoka Tabora, limejaa watu," anamwambia. "Hili langu linatoka Kigoma, halina kitu. Reli ni moja. Watafanyaje?"

"Watagongana!" Zawadi akasema kwa furaha kubwa.

"Hapana. Lisilo na kitu linaingia huku pembeni. Linasimama. Linapisha."

"Inapisha ni nini?"

"Kupisha ni kumwachia mwenzako njia yake. Wewe unakaa kando, yeye anapita, anaenda kwao."

Beseni la nguo lilikuwa mkononi. Nililiweka chini nilipoona maji yamemwagikia miguu yangu nami sikuyasikia.

"Muzee," nikasema. "Ile siku ya jembe. Ulisema utanipisha."

"Nilisema."

"Mi nilisikia utanipitisha. Ku barrière."

Alinitazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, nikaona jinsi jambo lilivyomwingia, kama maji kwenye mchanga. Akavua kofia.

"Kumbe muda wote huu umekuwa ukiniogopa."

"Mi sikuogopi. Nilikuwa nakuchukia."

"Afadhali hivyo," akasema. Akalisogeza kopo la Zawadi likashuka lenyewe kwenda Kigoma. "Na mimi nilidhani umenielewa. Kila nikikuona na beseni lako najisemea, huyu anangoja niondoke, na wale wa ofisini hawaniondoi. Nimewaomba mpaka wamenichoka. Naona haya hata kukohoa ndani."

Kwa hiyo koti jeusi lilikuwa la kuomba kiwanja. Alikuwa anakwenda kuomba atolewe.

Hapo watu wananiambia, si mlipatana basi? Hapana. Sikumwambia abaki. Nilianza kula wali wake, hilo kweli, na nilianza kuruka Tabora kila siku. Lakini kila alipovaa lile koti nilimwangalia akitoka na sikufungua mdomo. Nyumba ni nyumba. Nilikuwa na mtoto anayelala kwenye chumba cha mkaa na kukohoa weusi.

Kiwanja kikapatikana, Cyanzarwe, kule mashambani. Aliondoka na sanduku moja la bati. Zawadi alimuuliza, "Na reli?" Akamjibu, "Reli haihami, mama. Wanaohama ni abiria." Akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili kama tunavyowafanyia wakubwa, akapanda kwenye gari la mkaa.

Niliingia nyumbani kwetu. Sebuleni, nyuma ya mlango, kulikuwa na mkeka umekunjwa na alama ya mraba sakafuni pale sanduku lilipokaa miaka hiyo. Alikuwa analala pale. Chumba cha baba na mama kilikuwa kimefungwa, nikakifungua nikitarajia uchafu wake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka la mama. Picha ya harusi yao ilikuwa ukutani, kioo kimefutwa, hakina hata vumbi. Hakuwahi kulala mle. Nilikaa kwenye kitanda cha baba nikalia kwa hasira. Angekuwa mwizi ningejua la kufanya. Angekuwa ameiba kijiko kimoja tu! Watu wa kanisani wananiambia nimsamehe. Nimsamehe nini? Hakunikosea. Hilo ndilo linalonikaba.

Mvua za kwanza nilipoanza kulima niling'oa reli. Ilikuwa bustani ya kula. Zawadi alilia siku nzima, kisha akazoea.

Tulikwenda kumwona mara moja. Mtu alituambia mzee ni mgonjwa wa kifua. Nilibeba karoti na pakiti ya sukari, tukapanda kwa miguu mpaka Cyanzarwe, upepo wa mlimani unatukata masikio. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, zote sawa, miti na udongo, juu shitingi la plastiki linalopiga makofi kwa upepo. Nilimkuta ameketi nje juu ya lile sanduku. Alikuwa amekuwa mdogo. Koti jeusi lilimvaa yeye.

"Karibu, mwanangu," akasema. Safari hii nilikaa.

Zawadi alipanda mapajani mwake akamweleza habari za shule. Mzee akanitazama juu ya kichwa chake.

"Kigoma ipo?"

"Nimepanda karoti, Muzee."

"Vizuri." Akakohoa kwa muda mrefu, tukangoja. "Udongo wa pale utazaa. Niliutoa mawe mwenyewe."

Hakukuwa na waya hapo, wala kokoto zilizooshwa, wala kopo. Kuzunguka kile kibanda ardhi ilikuwa imeachwa kama ilivyo, mabua ya mahindi ya zamani bado yamesimama, matuta ya mtu mwingine, ya mtu aliyejua kulima. Hakuwa amegusa hata tuta moja. Maharagwe yake mwenyewe alikuwa ameyapanda kwenye makopo, mlangoni.

Ndipo nikamwona yule mwanamke. Alikuwa amesimama mwisho wa mabua, mtoto mgongoni, jembe begani, hasogei. Nilidhani ni jirani, nikampungia mkono.

"Huyo ni nani, Muzee?"

"Mwenye shamba hili walilonikatia kiwanja," akasema. "Huja kila siku. Hasemi kitu. Anasimama tu anaangalia."

Nilimtazama na sikuhitaji kuelezwa. Jinsi alivyoshika jembe. Jinsi alivyokaza taya. Mtoto wake alikuwa amelala, shingo imepinda, na mama yake hakuwa na habari ya kumweka sawa.

Tuliposimama kuaga, yule mwanamke akaja. Alitembea kati ya matuta yake bila kuyakanyaga. Alisimama mbele yangu, si mbele ya mzee, akaniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kitambaa cha mtu wa mjini, mtu mwenye nyumba. Akaniuliza kwa Kinyarwanda, na katika sauti yake kulikuwa na tumaini:

"Umekuja kumchukua mzee wako?"

Mzee alisikia. Aliinama haraka, akaanza kumfungia Zawadi kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Vidole vyake vilihangaika na kile kifungo, vikahangaika, hakuinua uso.

Nikamwambia yule mama kwamba nimekuja kumsalimia tu.